Simu inajigusa yenyewe: mambo ya kujua kabla ya kulipia kioo kipya

Msimu wa pamba ukifunguliwa, simu za kata ya Shishiyu hupata kazi kubwa kuliko salamu. Chukulia mkulima ameshapeleka pamba yake kwenye chama cha msingi, AMCOS, imepimwa, na ujumbe wa pesa umeingia. Anataka kutuma kiasi kwa mwanawe anayesoma Bariadi. Anabonyeza 5, kioo kinaandika 8. Anafuta, inajiandika 8 nyingine. Anaingiza namba ya siri, tachi inaruka, inakataliwa. Anarudia, inakataliwa tena. Hapo ana hofu mbili kwa pamoja: pesa iende kwa mtu asiyemjua, au akaunti ifungwe kwa kukosea namba ya siri mara nyingi.

Akiuliza waliomzunguka, ataambiwa kioo kimekufa, kabadilishe. Kwa simu ya kupangusa ya bei ya chini, kioo na kazi ya kukifunga vinaweza kukaribia bei ya simu nyingine. Na mara nyingine kioo chenyewe ni kizima. Kosa liko kwenye chaja, kwenye protekta, au kwenye programu iliyo ndani ya simu, ambayo mtengenezaji huirekebisha kwa sasisho, ile inayoitwa mtaani apdeti. Namna ya kutofautisha haihitaji kompyuta wala fundi, na ndiyo tutakayoieleza hapa kwa urefu.

Kwanza linda pesa

Kabla ya kutafuta ugonjwa wa simu, izime na utoe laini. Huduma za pesa hazihitaji simu ya kupangusa. Laini ikiingia kwenye kitochi cha jirani, menyu ni ileile: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa, na *150*01# kwa waliokuwa wateja wa Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas. Laini za siku hizi ni ndogo, kwa hiyo kile kipande cha plastiki kilichobaki ulipoivunja laini siku ya kwanza ndicho kinachohitajika ili ikae vizuri kwenye kitochi. Wengi wetu tulikitupa. Muulize anayesajili laini. Muamala ufanye mwenyewe, hata kama jirani ndiye anayejua vitufe vya simu yake.

Ikiwa pesa imekwishakwenda kusikotakiwa, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, namba 100, dakika hiyohiyo. Aliyepokea akishaitoa kwa wakala, kuirudisha kunakuwa kazi ngumu zaidi.

Kioo kinajuaje kwamba umekigusa?

Tunachokiita kioo ni vitu vitatu vilivyobanana. Juu kabisa ni kioo kigumu cha kulinda. Chini yake ni tabaka la tachi, lisiloonekana kwa macho. Chini zaidi ni paneli inayotoa picha. Kwenye simu nyingi za sasa vitatu hivyo vimegandishwa pamoja, ndiyo maana fundi hubadilisha vyote kwa mara moja hata kama kilichoharibika ni kimoja.

Tabaka la tachi linafanana na chandarua. Lina nyuzi za kusimama na za kulala, nyembamba na angavu, na kila zinapopishana kuna chaji ndogo sana ya umeme. Mwili wa binadamu unapitisha umeme kwa sababu una maji na chumvi. Kidole kinapokaribia, chaji ya mahali pale inabadilika. Chipu ndogo inaupima wavu wote mara nyingi kila sekunde, mara 60, 120 au zaidi, kisha inaamua: hapa pameguswa.

Kumbuka hilo neno, inaamua. Chipu haioni kidole. Inaona namba zinazopanda na kushuka, na tone la mvua pia linazibadilisha, na kiganja kilichoshika ukingo wa simu, na jasho, na umeme mchafu unaotoka kwenye chaja mbovu. Kinachoiambia chipu kwamba hiki ni kidole na kile ni tone la maji ni programu ndogo iliyowekwa ndani ya kifaa chenyewe. Mafundi huiita famuwea. Juu ya hiyo kuna Android, nayo ina sehemu yake ya kupokea taarifa ya mguso na kuipeleka kwenye WhatsApp, kwenye redio ya mtandaoni, au kwenye menyu ya pesa.

Programu hizo zikikosewa, dalili ni zilezile za kioo kibovu: tachi inaruka, inachelewa, inajibonyeza, au inakataa sehemu fulani. Ndiyo maana hata fundi mzuri anaweza kudanganyika akitazama kwa macho tu.

Simu za bei kubwa pia zimeugua hivi

Mtu anaweza kudhani ni shida ya simu za bei rahisi. Sivyo. Novemba 2017, Apple walipoanza kuuza iPhone X, wanunuzi waligundua kwamba wakitoka ndani kwenye joto kwenda nje kwenye baridi kali, kioo kinaacha kuitika kwa muda mfupi. Dawa yake haikuwa kioo kipya. Tarehe 16 mwezi uleule lilitoka sasisho la iOS 11.1.2 na tatizo likarekebishwa. Baridi ya namna ile sisi hatuna, lakini funzo la kiufundi ni hilohilo: wavu ulikuwa mzima, aliyekosea kusoma namba ni programu.

Oktoba 2020 ilikuwa zamu ya Samsung. Simu yao ya Galaxy S20 FE ilipofika madukani, watu walilalamika kwamba picha ikivutwa kwa vidole viwili inatetemeka, na miguso mingine inapotea au kutokea pasipo kidole. Ndani ya mwezi huohuo Samsung walituma masasisho ya kurekebisha tachi. Miaka mitatu kabla, Aprili 2017, Galaxy S8 zilionekana na vioo vyenye wekundu, wenyewe wakidhani wamepewa vioo vibovu. Hapo pia Samsung walitoa sasisho lililoongeza uwezo wa kupanga rangi.

Mfano unaotuhusu zaidi sisi tunaotegemea mafundi wa mtaani ni wa iPhone 8. Mwishoni mwa Machi 2018 Apple walitoa iOS 11.3. Baadhi ya watu waliokuwa wamebadilishiwa kioo nje ya maduka ya kampuni, kwa kioo kisicho cha asili, walisasisha simu na tachi ikafa palepale. Kioo kilikuwa kinafanya kazi jana. Programu mpya haikuelewana nacho. Tarehe 24 Aprili lilitoka sasisho la 11.3.1, na kampuni yenyewe ikaandika kwamba linaondoa tatizo hilo la vioo visivyo vya asili. Kwa hiyo sasisho linaweza kuponya, na linaweza pia kuleta ugonjwa. Kama simu yako ilishawahi kubadilishwa kioo, usisasishe asubuhi ya siku unayotegemea kupokea pesa.

Kuna upande wa pili. Mwaka 2016 simu nyingi za iPhone 6 Plus zilipata mstari wa kijivu unaochezacheza juu ya kioo, kisha tachi ikafa. Mafundi wa Marekani walizifungua wakakuta chipu za tachi zimelegea kwenye bodi, hasa kwa simu zilizoanguka mara kadhaa. Hapo hakuna sasisho lililosaidia. Novemba mwaka huo Apple walianzisha utaratibu wa kuzitengeneza kwa dola 149. Kitu kilichovunjika hakiungwi kwa programu.

Anza na chaja

Kwa vijiji vyetu, mshukiwa wa kwanza ni chaja. Chaja nzuri inageuza umeme kuwa mtulivu. Chaja ya bei ya kutupa, au kifaa cha kuchajia kilichofungwa kwenye betri ya sola bila udhibiti mzuri, hupitisha umeme wenye vurugu, na vurugu hiyo inaingia hadi kwenye wavu wa tachi. Chipu inasoma namba zinazorukaruka na kudhani kuna vidole kumi. Mimi mwenyewe niliwahi kuihukumu simu yangu nikiwa kwenye nyumba ya wageni: ilijifungua, ikapiga simu kwa watu wawili usiku, nikaamini imeingiliwa. Asubuhi nilipochomoa waya ilitulia kama haijafanya kitu. Kilichokuwa kibovu ni chaja ya kuazima kaunta.

Jaribio ni jepesi. Chomoa chaja, futa kioo na mikono kwa kitambaa kikavu, subiri dakika moja, tumia simu. Ikitulia bila chaja na kuruka ikiwa kwenye chaja, badilisha chaja na waya. Na kama huna uwezo wa kubadilisha leo, basi usifanye muamala wowote simu ikiwa kwenye chaji.

Protekta nayo ina lawama. Ikiwa nene, ikiwa na hewa chini yake, au vumbi la njia ya Maswa likiwa limejipenyeza pembeni, tachi inapungua nguvu. Ibandue, ujaribu. Na kuna jambo ambalo watu wa mjini hawalifikirii: vidole vyenye sugu za jembe. Ngozi ikiwa nene na kavu, kioo kinakihisi kidole kwa shida. Si kwamba mzee hajui kutumia simu. Alowanishe kidole kidogo na kukifuta, au atumie ubavu wa kidole mahali ngozi ni laini. Simu nyingi za Samsung zina kitufe, kwenye sehemu ya Skrini ndani ya Mipangilio, cha kuongeza wepesi wa kuhisi mguso. Kimewekwa kwa ajili ya waliobandika protekta, lakini mkulima anafaidika nacho vilevile.

Tazama pia mgongo wa simu. Kama kifuniko kimeinuka au kioo kimejitokeza upande mmoja, betri imevimba na inakisukuma kioo kutoka chini. Hilo halisubiri. Acha kuichaji, izime, usiitoboe, ipeleke ikatolewe betri. Betri iliyovimba inaweza kuwaka.

Majaribio matatu ya kujua kosa liko wapi

Kama chaja, protekta na betri havina kosa, zima simu uiwashe upya. Tatizo dogo la programu mara nyingi huondoka hapo. Likirudi, fanya haya.

La kwanza ni kuburuta alama. Kwenye ukurasa wa mwanzo, shikilia alama ya programu yoyote hadi ijinyanyue, kisha ivute taratibu juu ya kioo chote, mstari kwa mstari, kama unavyopalilia shamba bila kuacha tuta. Ikiwa kila inapofika sehemu moja inaponyoka, kumbuka sehemu hiyo. Sasa igeuze simu ilale ubavu, ukiwa kwenye picha au video, na ujaribu palepale. Kama mahali pafu pamebaki palepale kwenye kioo, wavu wa tachi umekatika na sasisho halitasaidia. Kama kitufe kilichokataa sasa kinaitika kwa kuwa kimehamia upande mwingine, ni dalili ileile, ya kioo. Lakini kama kinachokataa ni kitufe kilekile cha programu ileile, popote kilipohamia, kosa ni la programu hiyo na kioo chako ni kizima.

La pili ni hali salama, ambayo simu inawaka bila programu ulizojipakulia. Kwenye simu nyingi za Android unashikilia kitufe cha kuwasha, na neno la kuzima likitokea kiooni unalishikilia kwa muda hadi ikuulize kama unataka kuwaka kwa hali salama. Tachi ikitulia humo, basi kuna programu uliyoipakua inayokaa juu ya kioo na kuzuia miguso. Programu za kupunguza mwanga, za kufunga simu kwa picha, na baadhi ya zile za mikopo ya haraka huwa na tabia hiyo. Washa simu upya kwa kawaida, ondoa za karibuni moja baada ya nyingine.

Jaribio la tatu ni la mwenye subira. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, tafuta Nambari ya muundo, ibonyeze mara saba. Sehemu mpya itafunguka inayoitwa Chaguo za wasanidi programu. Ndani yake washa Mahali pa kielekezi. Kuanzia hapo simu inachora mstari kila inapodhani imeguswa. Iweke mezani bila kuigusa na uangalie. Mistari ikijichora yenyewe, umeona kwa macho yako kile chipu inachokiona. Ikijichora mahali pamoja tu, karibu na ufa au ukingo, ni kioo. Ikitapakaa kila mahali, fikiria chaja, joto au programu. Ukimaliza kizime, na usiguse vitu vingine humo ndani.

Wapo watakaosema simu imerogwa, na wapo watakaosema kuna mtu anaichezea kutoka mbali. La pili linawezekana, kama ulishawahi kumkubalia mtu aliyejifanya wa mtandao akakupakulisha programu ya kuitazama simu yako. Tofauti yake ni hii: anayeichezea ana nia, anafungua ujumbe, anakwenda kwenye pesa. Tachi mbovu haina nia. Inabonyeza ovyo.

Kusasisha bila kupoteza bando wala simu

Ikiwa majaribio yanaelekeza kwenye programu, au tatizo lilianza ghafla bila simu kuanguka wala kulowa, tafuta sasisho. Kwenye Mipangilio nenda Mfumo, kisha Sasisho la mfumo. Kwenye Samsung kipengele hicho kiko karibu na mwisho wa orodha ya Mipangilio, na kwenye baadhi ya Tecno na Infinix utakuta pia alama yake pamoja na programu nyingine. Kusasisha WhatsApp au programu nyingine kupitia Play Store ni jambo tofauti. Huko hakugusi famuwea ya kioo.

Simu ikikuambia kuna sasisho, soma ukubwa kabla ya kubonyeza. Dogo ni megabaiti mia kadhaa, kubwa linapita GB moja, na bando la siku litakwisha njiani. Bando la usiku linafaa zaidi, au Wi-Fi ya mahali unapoaminika. Upakuaji ukikatika, kwa kawaida huendelea ulipoishia. Chini ya ukubwa kuna maelezo mafupi ya kilichorekebishwa, mara nyingi kwa Kiingereza. Ukiona neno touch au display humo, huenda ndilo unalolitafuta. Likiwa limetaja usalama peke yake, bado lina faida, lakini usitarajie muujiza wa tachi.

Kabla ya kusakinisha, nakili picha na majina kwenye memori kadi au akaunti yako, na hakikisha chaji imevuka nusu. Hapo ndipo sola inapotuangusha: simu ikizimika katikati ya kuandika programu mpya, nyingine hazirudi. Simu nyingi za sasa huandika toleo jipya pembeni zikiwa bado zinatumia la zamani, utaratibu ulioanza na Android 7 mwaka 2016, na hizo zina usalama zaidi. Lakini kwa kuwa huwezi kujua yako ni ya aina gani kwa kuitazama, ichaji ijae. Simu itajizima na kuwaka, inaweza kukaa na nembo ya kampuni kwa dakika kadhaa. Iache.

Sasisho la kweli linatoka ndani ya Mipangilio ya simu yenyewe. Haliji kwa ujumbe wa kawaida, haliji kwenye kundi la WhatsApp, halina kiungo cha kubonyeza wala faili la kupakua lililotumwa na rafiki. Anayekutumia kiungo kwamba “simu yako inahitaji apdeti” anaitaka namba yako ya siri.

Ukikuta hakuna sasisho lolote, sababu inaweza kuwa umri. Simu nyingi za bei ya chini hupewa masasisho kwa muda mfupi, kisha kampuni inahamia kwenye toleo jingine. Simu bandia hazipati kabisa, hata ziandikwe jina gani mgongoni. Nchini kwetu simu bandia zilizimwa usiku wa 16 Juni 2016 kwa agizo la TCRA, na bado ukinunua simu ya mkononi ni vema kuihakiki: piga *#06# upate namba ya IMEI, itume kwa ujumbe kwenda 15090, na jina la simu litakalorudi lilingane na ile uliyoishika.

Mambo yanayobadilika kiooni baada ya sasisho

Baada ya kusasisha, watu hushtuka kioo kimekuwa cheusi au kinabadilika mwanga chenyewe, wakadhani kimeharibika. Mara nyingi ni vitu vipya vilivyowashwa. Mandhari meusi yaliingia kwenye Android 10 mwaka 2019. Yanapunguza ulaji wa chaji kwa kiasi kikubwa kwenye paneli za AMOLED, kwa sababu kitone cheusi huko kimezimwa. Kwenye paneli za LCD, ambazo ndizo za simu nyingi za bei ya chini, taa ya nyuma inawaka vilevile na faida yake kwa chaji ni ndogo.

Mwangaza unaojirekebisha hupima mwanga wa mahali ulipo. Shambani saa saba mchana ni msaada, mradi kidole au protekta havijafunika kitundu cha kupimia mwanga kilicho juu karibu na kamera. Kikifunikwa, simu inadhani ni usiku na kioo kinafifia juani. Mwanga wa Usiku unakifanya kioo kuwa cha manjano, na unaweza kuuzima. Simu zenye kasi ya kioo ya 90 zinateleza vizuri zaidi machoni kuliko za 60, lakini zinakula chaji. Anayechajia dukani kwa kulipia airudishe 60 na hatapungukiwa na kitu.

Alama za vitu vilivyokaa sana kiooni, kama mstari wa vitufe vya chini unaobaki kama kivuli, huo ni uchakavu wa paneli ya AMOLED. Oktoba 2017 Google waliposemwa kwa ajili ya simu yao ya Pixel 2 XL, walitoa sasisho la kufifisha vitufe hivyo ili kuchelewesha uchakavu, na wakaongeza dhamana hadi miaka miwili. Kivuli kilichokwisha kuingia hakifutwi na sasisho.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Ufa unaopita kwenye eneo la tachi, mahali pafu pasipohama, doa jeusi linalotanuka, simu iliyolowa: hayo ni ya fundi, awe Maswa mjini, Malampaka au Bariadi. Mweleze majaribio uliyofanya. Ukimwambia “inaruka hata bila chaja, na hali salama haikusaidia”, atakuona mtu anayejua anachokitaka.

Akisema ataiflashi, maana yake ataandika programu yote upya kwa kompyuta. Inasaidia kweli pale famuwea ilipoharibika. Muulize kama ana faili la namba ya muundo uleule. Simu za jina moja na toleo moja hutengenezwa na vioo vya viwanda tofauti, kila kimoja na chipu yake ya tachi, na faili la dada yake linaweza kuiwasha simu vizuri, picha ikaonekana, tachi ikawa imekufa kabisa. Nimeona watu wakiuziwa kioo baada ya hapo, wakati kilichohitajika ni faili sahihi.

Jambo la kuulizana kabla hajagusa kitu ni akaunti ya Google. Simu nyingi vijijini zilifunguliwa akaunti na muuzaji siku ya kununua, mwenye simu hajui barua pepe wala nywila. Ukirudisha simu kuwa mpya kwa kupitia Mipangilio, akaunti inaondolewa kwa utaratibu. Lakini tachi ikiwa imekufa fundi hutumia vitufe vya pembeni, na simu ikiwaka inaomba akaunti ileile iliyokuwapo, ulinzi uliowekwa tangu Android 5.1 mwaka 2015 ili mwizi asifaidi. Hapo mwenye mali halali anafungiwa nje pamoja na mwizi. Kama tachi yako bado inaitika nusunusu, leo ndiyo siku ya kuingia Mipangilio, kuangalia ni akaunti gani iliyomo, na kuweka yako mwenyewe.

Na kama tachi imeshakufa lakini picha inaonekana, yaliyomo bado yanaokolewa. Kuna kiunganishi kidogo kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu, kinaitwa OTG. Kichomeke kwenye tundu la chaji, upande wa pili uchomeke mausi ya kompyuta. Kwenye simu nyingi mshale utatokea kiooni, utafungua kwa mausi, utanakili majina na picha, na utaondoa akaunti kabla ya simu kumfikia fundi. Mausi ya kuazima kwa mwenye steshenari inatosha.